Mgongo wa Frida Jumapili ya Matawi

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya viumbe vyote vya miguu minne vinavyoishi ndani ya mipaka ya Mkoa wa Ruvuma, mimi Careen, mwanafunzi wa kidato cha tatu, natangaza rasmi hali ya hasira. Hali hiyo imeanza Jumatatu ya Juma Kuu, saa moja asubuhi, na itaendelea hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo.

Tangazo hilo nililitoa bandani, nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono kifuani. Waliohudhuria walikuwa farasi mmoja na kuku watatu. Kuku waliendelea kuparua. Farasi alijamba.

Sikumlaumu. Farasi mwenye vidonda vinne mgongoni ana haki ya kujamba mbele ya hotuba yoyote, hata ya kumtetea. Viwili vilikuwa mbele, huku na huku, pale shingo inapoishia na mgongo unapoanza. Viwili vilikuwa nyuma, karibu na kiuno. Kila kimoja kilienea kama kiganja cha mtoto, chekundu, kinavuja maji. Nilikuwa na beseni la maji ya chumvi ya vuguvugu na kitambaa safi, na kila nilipogusa, ngozi yake ilitetemeka yote mpaka miguuni.

"Mshenzi yule," nilimwambia. "Kilo sitini na nane za ushenzi."

Niliyemtaja ni Mwalimu Pankrasi, mwalimu wetu wa nidhamu. Lakini kwanza Frida, maana watu huwa wanamtaja Frida mwishoni, baada ya kumaliza kutaja waliompanda, na mimi hilo linaniudhi.

Frida ni farasi jike wa miaka ishirini na minne, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Ndiye farasi pekee ninayemjua kuanzia Bombambili mpaka Hanga. Mabruda, watawa wenye shule yetu, walimpata kutoka shamba moja la Iringa ambalo mwenyewe alikuwa anahama nchi, akaletwa Songea kwenye lori la viazi, akapewa banda nyuma ya shule yetu ya bweni hapa Mshangano. Mgongo wake umebonyea. Sisemi umebonyea kidogo. Ukimtazama ubavuni unaona mabega juu, makalio juu, na katikati bonde ambalo mvua za masika zikikazana unaweza kufuga perege. Wanafunzi wanamwita Kitanda, kwa sababu vitanda vyetu navyo vimebonyea vivyo hivyo tangu chaga zake zilipoanza kupotea wakati wa baridi. Wapita njia husimama kwenye uzio, hupiga picha kwa simu, hucheka. Mmoja aliwahi kuniuliza kama tulimnunua kwa bei ya nusu.

Mwenye kumtunza ni Bruda Polikarp, Mmatengo wa miaka sabini na kitu, mwenye vidole kama karoti zilizochelewa kung'olewa. Swali la mgongo yeye hulijibu bila kuinua kichwa.

"Alipandwa kabla mifupa haijakomaa. Akazaa mara sita. Halafu akazeeka. Wewe ukifanyiwa hivyo utasimama wima?"

Mimi nilifika bandani kama mfungwa. Mwaka juzi, nikiwa kidato cha kwanza, kengele ya shule ilikutwa asubuhi moja imevishwa soksi kwenye ulimi wake, ikawa inagongwa bila kulia, na kipindi cha hesabu cha kidato cha nne kikaendelea kwa saa tatu. Soksi ilikuwa na jina langu. Hilo nakubali kuwa lilikuwa kosa la kitaalamu. Mwalimu Pankrasi alinihukumu wiki mbili za kuzoa mavi ya farasi. Wiki mbili ziliisha, mimi nikabaki, na hakuna aliyenifukuza.

Bruda alinifundisha kila kitu, kwa kunung'unika. Kwamba pumba za Frida ziloweshwe, kwa sababu meno yamekwisha. Kwamba chakula chake kiwekwe chini kabisa na kisitundikwe, maana akiinamisha shingo kula, mgongo nao unajivuta na kunyooka kidogo. Kwamba kila jioni atembezwe juu ya nguzo sita za mlingoti zilizolazwa ardhini, polepole, ili ainue miguu na kukaza tumbo, kwa kuwa mgongo wa farasi unabebwa na tumbo lake. Kwamba ukimkuna kwa kucha chini ya kifua, katikati, bonde linapanda juu lenyewe, unaliona kwa macho, kama mtu anayevuta pumzi kwa ajili ya picha. Hilo la mwisho nililipenda mno. Nilimkuna mpaka akazoea kunisogezea kifua kila akiniona.

Na kwamba asitandikwe kamwe bila mto.

Tandiko letu lilitengenezwa kwa ajili ya farasi mwenye mgongo ulionyooka. Ukiliweka juu ya Frida linakaa kama ubao juu ya mtaro: linagusa mbele, linagusa nyuma, katikati hewa tupu. Mtu akikalia hapo, uzito wake wote unashuka kwenye ncha mbili na kuchimba. Kwa hiyo unahitaji mto, mnene katikati na mwembamba kwenye ncha, wa kulijaza lile bonde. Mto wa zamani ulikuwa umeliwa na panya. Mama yangu, Kunegunda, ni fundi cherehani Bombambili. Nilimpelekea vipimo kwenye karatasi ya daftari, naye akashona mpya kwa kitenge cha kijani chenye jogoo, akaujaza sufi. Alipomaliza aliuliza, "Huyu mteja ni mtu wa namna gani, mwanangu?" Nikamwambia ni mama wa watoto sita. Akasema, "Pole yake."

Kwa mto huo nilimpanda Frida mwaka jana, Jumapili ya Matawi.

Parokia yetu ina desturi. Siku hiyo maandamano huanzia kwenye kikanisa cha shule na kuishia kanisani, kilomita moja na ushee, na mbele ya watu wote anatangulia mtu mwenye kanzu nyeupe juu ya Frida, ameshika tawi la mtende. Hakuna anayesema kuwa mtu huyo ni nani, lakini kila mtu anajua. Miaka yote alikuwa mvulana. Mwaka jana mvulana aliyeteuliwa aliugua matumbwitumbwi, na mtu pekee ambaye Frida alikubali kumbeba alikuwa mimi. Nina kilo arobaini na nne. Nilikaa wima kama mshumaa. Frida alitembea kama bibi arusi. Sijawahi kufanya kitu chochote vizuri namna ile, na naomba niaminiwe, kwa sababu ripoti zangu za shule zinathibitisha.

Baada ya misa wazee wa halmashauri ya parokia walilalamika kwa mwaka mzima. Binti, juu ya farasi, miguu huku na huku, mbele ya Sakramenti! Mwaka huu wakaamua apande mtu mzima, mwanaume, mwenye heshima zake. Mwalimu Pankrasi akanyoosha mkono.

Niliposikia nilipiga teke debe la pumba mpaka likabonyea kama Frida.

"Bruda, utamruhusu?"

"Nitampima kwanza," alisema Bruda.

Akampima kweli, kwenye mizani ya mahindi, ghalani. Mwalimu Pankrasi alisimama pale juu na viatu mkononi kama gunia lililojileta lenyewe.

"Sitini na nane," Bruda alisoma. "Mwisho wangu ni sabini. Sikiliza, Mwalimu. Mto lazima uwepo. Mwendo wa hatua tu. Na ukifika darajani unashuka, ule mlima unaupanda kwa miguu yako, kule juu kwenye tambarare unapanda tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bruda."

"Rudia."

Na mwalimu wa nidhamu akarudia, kama mtoto wa darasa la pili. Niligeukia ukutani nikacheka, lakini kicheko hakikunisaidia kitu. Alikuwa bado na kilo sitini na nane na nafasi yangu.

Alhamisi kabla ya Matawi Bruda aliteleza kwenye tope mbele ya jiko akaumia nyonga. Walimlaza chumbani kwake na amri ya kutonyanyuka. Aliniita.

"Utamtandika wewe."

"Ndiyo, Bruda."

"Utaongoza hatamu wewe. Akifika darajani, ashuke."

"Atashuka, Bruda," nilisema. Nilikuwa na uhakika kuliko alivyodhani.

Jumapili ilipambazuka na manyunyu. Nilimsugua Frida, nikamtoa tope kwenye kwato, nikamtandika, na juu ya tandiko nikalaza kitambaa kirefu cheupe walichotoa akina mama wa kanisa, kikashuka mpaka kwenye magoti yake. Mwalimu Pankrasi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akapanda kwa kutumia kiti, akapokea tawi lake. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Hakuitikia. Nikasema moyoni, umeshaanza kiburi, na hata farasi hajapiga hatua.

Hatua ishirini za mwanzo niliona masikio ya Frida yamerudi nyuma. Hatua hamsini, mkia unapiga huku na kule wakati hakukuwa na nzi. Kule juu Mwalimu alikuwa anayumba, mbele, nyuma, mbele, nyuma, uso umekaza. Nikawa nahesabu kuelekea darajani. Waimbaji nyuma yetu walikuwa wanaimba kwa vifijo, matawi yanapeperuka, bodaboda zimesimama pembeni kutupisha.

Tulifika darajani. Nilimsimamisha Frida.

"Mwalimu, hapa tunashuka."

Alitikisa kichwa.

"Mwalimu, Bruda alisema. Ulirudia mwenyewe, ghalani."

Alifumba macho. Alifumba macho! Maandamano yalikuwa yanatusukuma kwa nyuma, mama mmoja akanigonga na tawi begani, "Twende binti, usizuie njia." Frida alikuwa anahema. Nikamshika Mwalimu kifundo cha mguu nikakivuta.

"Shuka! Shuka, mwalimu, anaumia!"

Aliurudisha mguu wake akaubana ubavuni mwa farasi, na Frida, ambaye maisha yake yote amefundishwa kuwa kubanwa ubavu maana yake ni kwenda, akaenda. Akaupanda mlima wote. Mimi nilikuwa nimeshika hatamu nalia kwa hasira, na watu wa pembeni wakasema, tazama yule mtoto alivyoguswa na Roho.

Mbele ya kanisa, kitambaa cheupe kilikuwa na doa jekundu, kisha mawili. Bibi mmoja aliyaona, akapiga ishara ya msalaba, akapiga magoti kwenye tope akidhani ni muujiza. Wengine wakafuata. Nusu ya parokia ilikuwa imepiga magoti mbele ya kidonda cha farasi, na hakuna hata mmoja aliyeomba maji.

Hiyo ndiyo hasira yangu, na nadhani sasa inaeleweka.

Mchana ule nilipita kwa Bruda. Habari ilikuwa imenitangulia. Alikuwa ameketi kitandani, rozari imelala kwenye shuka.

"Vingapi?"

"Vinne, Bruda. Yule mtu hakushuka. Nilimwambia mara tatu."

"Mto uliufunga?"

"Niliufunga, Bruda."

Aliivuta rozari mkononi. "Maji ya chumvi. Asubuhi na jioni. Nzi wasimguse."

Jumatatu, baada ya tangazo langu la kitaifa, Padre Amedeus, paroko wetu, alikuja bandani na buti za mpira. Ni mtu mpole, na kwa sababu hiyo maneno yake huwezi kuyapiga teke.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina, Padre."

Alivitazama vidonda. Akapumua.

"Careen, nimeongea na Bruda. Mto ulikuwepo, uzito ulikuwa chini ya ule aliouruhusu, mwendo ulikuwa wa hatua. Kama kwa hayo yote mgongo umechanika hivi kwa kilomita moja, basi mgongo umekwisha. Kesho kutwa bwana mifugo anakuja na sindano. Hatasikia maumivu."

"Padre, kosa ni la Mwalimu! Hakushuka darajani!"

"Mlima ule ni hatua mia moja na hamsini, mwanangu. Hatua mia na hamsini hazimuui farasi aliye mzima." Aliniwekea mkono kichwani. "Hatuwezi kumwacha mnyama aishi kwa maumivu ili sisi tusilie."

Alipoondoka nilichukua chaki, nikaenda kwenye sehemu Mwalimu Pankrasi anapoegesha pikipiki yake, nikaandika kwenye sakafu kwa herufi kubwa: HAPA HUEGESHA MUUAJI. Halafu nikaona haitoshi, nikachora farasi. Mgongo wake niliuchora umenyooka, sijui kwa nini.

Jumanne asubuhi kwenye paredi alisimama mbele yetu. Nilijiandaa kwa fimbo. Nilikuwa nimevaa sketi mbili.

"Kuna mtu ameniandikia ujumbe," alisema. "Sitamtafuta. Aliyoandika ni ya kweli."

Paredi nzima ikanyoosha shingo. Hata kidato cha kwanza.

"Mwezi wa kwanza mwanangu Jane alilazwa wiki tatu. Wengi wenu hamkujua. Niliweka nadhiri: akitoka hospitali, Jumapili ya Matawi nitampanda yule farasi toka mwanzo hadi mwisho, bila kusema neno, bila mguu wangu kugusa ardhi. Bruda aliponiambia nishuke darajani nilimkubalia, nikijua kuwa sitashuka. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Njiani nilihisi mnyama anaumia. Nilihisi tangu mapema, kabla hata ya daraja. Nikajiambia, nadhiri ni nadhiri." Alivua miwani akaifuta, akairudisha. "Mtu anaweza kumtolea Mungu jasho lake. Mimi nilitoa la farasi. Naombeni radhi."

Hakuna kitu kibaya kama mtu unayemchukia kuanza kuongea vizuri. Nilikasirika kuliko siku zote. Nilimkasirikia kwa kuwa na mtoto, nikamkasirikia mtoto kwa kuugua, nikawakasirikia watu wote walioanza kufuta machozi wakati Frida yuko bandani na kesho yake imeshapangwa.

Pembeni yangu alikuwa amesimama Zulfa, rafiki yangu kutoka Tunduru, ambaye analala kitanda cha chini na mimi cha juu. Yeye ni Mwislamu, maandamano hakwenda, alibaki bwenini kufua.

"Masikini baba wa watu," alinong'ona. "Careen, hebu nikuulize kitu kingine. Una nini kitandani kwako?"

"Sina kitu."

"Wallahi tangu Jumapili nalala kama niko zizini. Panatoka harufu ya farasi juu huko."

"Ni nywele zangu."

"Nywele zako zinanuka mafuta ya nazi. Ile ni harufu ya farasi."

Nilimwambia pua yake imezoea korosho, aiache. Hakucheka.

Saa nne, wakati wa chai, nilikuta watu watatu bandani. Bruda Polikarp alikuwa ametoroka kitandani, ameegemea mkongojo, jasho limemjaa usoni. Padre Amedeus alikuwa amemshika kiwiko. Mwalimu Pankrasi alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani kwa watu asiowajua. Nadhani alikuja kumuaga Frida.

Bruda alikuwa amelaza mkono wake wa karoti mgongoni mwa Frida. Aliuanzisha kwenye vidonda vya mbele. Akaushusha bondeni, taratibu, akiikandamiza ngozi kwa vidole. Frida hakushtuka. Akaupandisha nyuma, na kabla hajafika kwenye vidonda Frida akarusha mkia.

"Katikati hapajaguswa," Bruda alisema. "Hata unywele haujalala."

"Maana yake?" Padre aliuliza.

Bruda alinigeukia mimi. "Careen. Lete mto."

"Nimeufua, Bruda. Ulikuwa na damu, nikaufua."

"Lini?"

"Jumapili."

"Uko wapi?"

"Kambani. Haujakauka."

"Ulete hivyo hivyo."

Nilikwenda. Nilikimbia mpaka bwenini, nikapanda kitandani kwangu, nikauchomoa mto wa kitenge chini ya shuka. Jogoo wa kijani walikuwa wakavu kabisa. Nilishuka nao mpaka bombani, nikafungua koki yote, nikauzamisha. Nilikuwa nafikiria haraka sana, na naomba ieleweke kuwa kwa wakati ule niliona ni mpango wenye akili nyingi. Niliukamua mara mbili, nikarudi nao bandani unachuruzika, maji yananiingia kwenye viatu.

Bruda aliupokea. Aliugeuza chini juu. Alipitisha kidole gumba kwenye kitambaa.

"Farasi wa umri huu, mwezi huu, ukimpanda hatua mia anakuachia manyoya ya kushona kofia," alisema. "Hapa hakuna hata moja."

"Nilisugua sana, Bruda. Kwa brashi."

"Ulisugua." Alitoa kisu chake kidogo cha kukatia kamba, akakata nyuzi za Mama pembeni, tatu tu, akaingiza vidole katikati ya mto. Alitoa konzi ya sufi. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, imekauka. Alipuliza, ikapaa, ikamtua Mwalimu Pankrasi kwenye mkono wa koti.

"Sufi ni ngumu kulowa," Bruda alisema. "Lakini uliyoifua Jumapili ukaikamua, masika hii, leo ingekuwa imevimba na kunuka uvundo. Hii imelowa nje tu. Maji haya yana dakika kumi." Akaniangalia. "Au nane?"

Mwalimu Pankrasi aliitazama ile sufi kwenye mkono wake, akanitazama mimi, na niliona kabisa anaelewa, hatua kwa hatua, kwa nini alikuwa anayumba vile. Nilisubiri akasirike. Ningependa sana angekasirika.

Frida aliinyoosha shingo, akaunusa mto mikononi mwa Bruda, kisha akanigeukia mimi, akanisogezea kifua nimkune.

"Haukuwepo," nilisema.

"Sema vizuri," Bruda alisema. "Hapa kuna watu wanaotaka kumdunga sindano. Wasikie."

"Mto haukuwepo. Niliutoa mimi." Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine, mdogo kuliko mimi. "Nilimtandika bila mto, nikafunika na kitambaa cha akina mama ili mtu asione. Nilijua tandiko litayumba. Nilitaka Mwalimu ashindwe kukaa, ashuke darajani mbele ya watu wote, akatae kupanda tena, halafu mimi nimalizie. Hatua chache tu, nilijiambia, mpaka darajani, Frida hataumia. Mto niliuficha bwenini. Nimeulalia siku zote mbili. Nilikudanganya, Bruda, ukiwa mgonjwa. Na yale ya kwenye sakafu ya pikipiki niliyaandika mimi, Mwalimu, huku najua."

Padre alifungua mdomo. Nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia padre.

"Mgongo wake haujaisha, Padre. Kwa mto angefika vizuri, kama mwaka jana. Vidonda ni vya tandiko. Vitapona. Mpigie bwana mifugo asije, tafadhali, mpigie sasa hivi, halafu mnifanye mnachotaka." Nilikuwa nimeshaanza kumkuna Frida chini ya kifua bila kujua, na mgongo wake ulikuwa unapanda, vidonda na vyote, unapanda. "Nadhiri ya Mwalimu mimi sikuijua. Mgongo huu niliujua."